Kutoa ni Moyo

Wahenga wetu walisema kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii husemwa mara nyingi kwa kinywa, lakini huaminiwa mara chache kwa matendo. Wengi wetu, tusikiapo habari za ukarimu, humfikiri mtu mwenye mali nyingi aliyeketi juu, na mtu mwenye dhiki anayenyosha mkono kutoka chini. Tunadhani kwamba wa kwanza aliumbwa ili atoe na wa pili aliumbwa ili apokee, na kwamba daraja zao hazibadiliki. Katika insha hii nataka, msomaji, tuipime methali ya wazee wetu kwa mizani ya historia. Nimechagua historia ya watu weusi wa Marekani, kwa sababu hao ni watu ambao dunia ilizoea kwa muda mrefu kuwahesabu katika safu ya wapokeaji. Babu zao walichukuliwa Afrika katika minyororo, wakauzwa, wakafanyishwa kazi bila ujira. Na hata utumwa ulipokomeshwa katika nchi yote mwaka 1865, wajukuu zao walinyimwa haki nyingi za uraia kwa miaka mia moja mingine. Kama pana watu waliokuwa na udhuru wa kutotoa, basi ni hao. Sasa na tutazame walifanya nini.

Twende kwanza Philadelphia, mji ulio mashariki ya Marekani. Tarehe 12 Aprili, 1787, watu weusi wachache waliokuwa huru walikutana katika mji huo wakaunda chama cha kusaidiana. Chama kiliitwa Free African Society, yaani Jumuiya ya Waafrika Walio Huru. Viongozi wake walikuwa wawili, Richard Allen na Absalom Jones, na wote wawili walizaliwa watumwa. Allen aliununua uhuru wake kwa fedha alizochuma kwa kupasua kuni na kufanya kazi katika kiwanda cha matofali. Jones alitanguliza kumkomboa mkewe, kwa maana sheria ya siku hizo ilimfanya mtoto afuate hali ya mama yake: mama akiwa mtumwa, mtoto alizaliwa mtumwa, mama akiwa huru, mtoto alizaliwa huru. Yeye mwenyewe alipata uhuru wake baadaye, mwaka 1784. Kwa hiyo hata kabla ya kuanzisha chama, watu hawa walikwisha kujua maana ya kuweka akiba kwa faida ya mtu mwingine.

Kanuni za chama zilikuwa chache na wazi. Kila mwanachama alitoa shilingi moja kila mwezi. Mwaka mmoja ulipopita, mwanachama aliyepatwa na uhitaji alipewa shilingi tatu na peni tisa kila juma, mradi uhitaji wake haukuletwa na uzembe wake mwenyewe. Mjane wa mwanachama alitunzwa. Watoto walioachwa yatima walitafutiwa shule au walipelekwa kujifunza ufundi. Mlevi na mtu wa tabia mbovu hawakukubaliwa. Msomaji wa Kenya hataona shida kukielewa chama cha namna hii, maana huenda mama yake au shangazi yake yumo katika kimoja. Haba na haba, husema Waswahili, hujaza kibaba. Lakini angalia kwamba watu wale hawakungoja kibaba kijae ndipo wapange jinsi ya kukigawa. Walipanga kwanza, wakaandika, wakakubaliana. Na fedha ilipokuja ilikuta njia yake imekwisha tengenezwa.

Miaka sita baadaye chama hicho kilijaribiwa kwa jaribio kali. Mwezi wa Agosti, 1793, homa ya manjano iliingia Philadelphia. Mji huo ndio uliokuwa makao ya serikali ya Marekani wakati huo, nao ulikuwa na watu wapatao 50,000. Siku hizo hapana aliyejua kwamba homa hiyo huenezwa na mbu. Watu walikufa mchana na usiku, mpaka jumla yao ikafika kati ya 4,000 na 5,000. Wenye uwezo walikimbia. Mume alimwacha mke, na mzazi alimwacha mtoto. Daktari mashuhuri wa mji, Benjamin Rush, aliamini kwamba watu weusi hawashikwi na homa hiyo, akawaomba wajitokeze kuwauguza wagonjwa. Imani yake ilikuwa ya makosa. Lakini Allen na Jones waliposikia ombi hilo walizunguka mjini kuona hali ilivyo, kisha wakakubali. Walikwenda kwa meya wakauliza mahali wanapohitajiwa zaidi, nao watu wao wakatoka wakaifanya kazi ambayo wengine waliikimbia.

Waliingia katika nyumba zenye maiti za siku nyingi. Waliwauguza watu wasio jamaa zao, waliwachukua yatima, walibeba majeneza. Kwa maelekezo ya Rush waliwatoa damu wagonjwa zaidi ya 800, kama ilivyokuwa desturi ya uganga wa wakati ule, desturi ambayo leo imeachwa. Mzungu mmoja alitishia kuwapiga risasi kama wangepitisha maiti mbele ya nyumba yake. Siku tatu baadaye walimzika yeye. Mwanamke mmoja mweusi, mzee na maskini, alikwenda nyumba hadi nyumba akiuguza bila kutaja bei, na alipoulizwa ujira wake alisema kwamba atatosheka na chakula cha mchana katika siku moja ya baridi. Nao hawakuwa na kinga yo yote. Mwaka 1792 watu weusi waliozikwa katika mji ule walikuwa 67. Mwaka 1793 walikuwa 305.

Homa ilipokwisha, shukrani iliyokuja ilikuwa ya ajabu. Mchapaji mmoja wa vitabu, jina lake Mathew Carey, aliandika habari za msiba ule. Aliwasifu Allen na Jones, lakini aliwashtaki wauguzi wengi weusi kwamba walitoza fedha kupita kiasi na kwamba baadhi yao waliiba mali za wagonjwa. Kijitabu chake kilinunuliwa sana na kusomwa mbali. Hapa, msomaji, ungefanya nini? Mtu mwingine angenyamaza kwa kuwa yeye mwenyewe amesifiwa. Mwingine angekasirika na kutukana. Allen na Jones hawakufanya hili wala lile. Mwaka 1794 walichapisha kijitabu chao wenyewe, na ndani yake waliweka hesabu. Fedha waliyopokea kwa kuzika maiti na kuchoma vitanda ilikuwa pauni 233, shilingi 10 na peni 4. Fedha waliyolipa kwa majeneza na kwa ujira wa watu watano walioajiriwa kwa kazi hiyo ilikuwa pauni 411. Kwa hiyo walitoka katika kazi ile wakiwa wamepungukiwa na pauni 177, shilingi 9 na peni 8 za mfukoni mwao. Walieleza pia kwamba pale ujira ulipopanda, walioupandisha walikuwa wagonjwa na jamaa zao wenyewe, waliokuwa wakishindana kuwavuta wauguzi wachache waliopatikana. Waliongeza kwamba wezi walikuwako, na miongoni mwao walikuwako weupe pia. Nao walikumbusha kwamba Carey mwenyewe aliuacha mji kwa muda wakati wa hatari.

Nimekaa muda mrefu katika habari hii kwa sababu ina fundisho ambalo halionekani upesi. Moyo wa kutoa ni mwema, lakini moyo usio na daftari huweza kusingiziwa. Laiti viongozi wale wasingeandika kila peni iliyoingia na kila peni iliyotoka, uongo ungebaki katika vitabu vya historia, nasi tungeusoma hadi leo kama kweli. Kuweka hesabu hakukuwa dalili ya kutoaminiana. Kulikuwa ngao ya heshima ya watu maskini waliojitolea, na hasa ya wale 305 ambao hawakuwa na kinywa tena cha kujitetea.

Sasa tuvuke miaka zaidi ya mia moja tumtazame mwanamke mmoja. Sarah Breedlove alizaliwa tarehe 23 Desemba, 1867, katika kijiji cha Delta, jimbo la Louisiana. Wazazi wake walikuwa watumwa kabla ya vita vya kukomesha utumwa. Alipokuwa na umri wa miaka saba alikuwa yatima; alipokuwa na miaka kumi na minne aliolewa; alipokuwa na miaka ishirini alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja. Alikwenda mji wa St. Louis akawa dobi, akifua nguo za watu kwa ujira mdogo. Baadaye alianza kutengeneza na kuuza dawa za nywele kwa wanawake weusi, akajiita Madam C. J. Walker kwa jina la mumewe wa baadaye, na biashara yake ikakua hata akawa mmoja wa wanawake matajiri zaidi weusi wa Marekani.

Habari za utajiri wake zinajulikana sana. Zisizosemwa sana ni habari za jinsi alivyoutumia. Mwaka 1911, alipokuwa akikaa Indianapolis, aliahidi dola 1,000 kwa ujenzi wa jengo la YMCA la watu weusi, na kiasi hicho kiliwashangaza watu kwa kuwa mtoaji alikuwa mwanamke mweusi aliyewahi kuwa dobi. Aliwasaidia wanafunzi wa chuo cha Tuskegee. Lakini jambo kubwa zaidi ni kwamba hakutaka kuwa mtoaji peke yake. Mwaka 1917 aliwakusanya wanawake waliouza bidhaa zake katika mkutano, na mkutano ulifanywa katika mji ule ule wa Philadelphia. Zaidi ya wanawake 200 walihudhuria. Alitoa zawadi kwa waliouza sana, na alitoa zawadi pia kwa waliotoa sana katika hisani za miji yao. Fikiri maana yake, msomaji: wanawake waliokuwa wapishi na madobi katika nyumba za watu walisimama mbele ya wenzao wakaheshimiwa kwa sababu ya kutoa.

Wala hisani yao haikuishia katika chakula na mavazi. Siku zile watu weusi waliuawa hadharani na makundi ya watu bila kufikishwa mahakamani, na wauaji hawakuadhibiwa. Wanawake wa mkutano ule walimpelekea Rais Woodrow Wilson simu wakidai ulinzi wa sheria. Mwaka 1919 Madam Walker aliahidi dola 5,000 kwa chama cha NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, ili zitumike kupinga mauaji hayo. Alifariki mwezi wa Mei mwaka huo huo, akaacha wasia kwamba theluthi mbili za faida ya biashara yake kwa siku zijazo ziende katika hisani. Alifahamu kwamba kumlisha yatima ni wema, na kwamba kuuzuia mkono uliomuua baba wa yatima ni wema ulio mkubwa zaidi.

Mfano wa tatu hauna shujaa mmoja, kwa kuwa mashujaa wake ni maelfu ambao majina yao hayakuandikwa. Katika majimbo ya kusini, serikali zilitoza kodi watu weupe na weusi, lakini fedha za elimu ziliwaendea zaidi watoto weupe. Watoto weusi walisoma katika vibanda vilivyovuja au makanisani, na wengi hawakusoma kabisa. Mwaka 1912 Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa na kuwa mkuu wa chuo cha Tuskegee, alipatana na tajiri mmoja mweupe wa Chicago, Julius Rosenwald, wajenge shule sita za mfano vijijini. Rosenwald aliweka sharti: hatatoa fedha zake mpaka wenyeji nao watoe sehemu yao.

Nao wenyeji walitoa. Mwenye ardhi alitoa kiwanja, na mwenye miti alitoa mbao. Asiye na kitu alitoa siku zake za kazi. Wanawake walipika vyakula wakaviuza kwa mnada jioni. Wakulima walitenga sehemu ya shamba la pamba, na mavuno ya sehemu hiyo yakawa mali ya shule ambayo bado haijajengwa. Kazi iliyoanza na shule sita ilienea katika majimbo 15. Ilipokoma mwaka 1932 palikuwa na majengo 5,357, pamoja na nyumba za walimu na vyumba vya ufundi. Gharama yote ilikuwa dola zaidi ya milioni 28. Katika hizo, mfuko wa Rosenwald ulitoa kadiri ya dola milioni 4.3, watu weusi wenyewe, wengi wao wakulima wa mashamba ya watu, walitoa kadiri ya dola milioni 4.7. Shule zile ziliitwa kwa jina la tajiri, na yeye alistahili sifa. Lakini hesabu inasema kwamba maskini walimshinda.

Hapa mwenye kufikiri ataleta hoja, nayo ni hoja nzito. Atasema: watu wale walikwisha lipa kodi; kwa nini walipe mara ya pili kwa kitu kilichokuwa haki yao? Je, utoaji wao haukuifunika dhuluma ya serikali? Ni kweli walidhulumiwa, na mchango wao haukuifanya dhuluma kuwa halali. Sehemu kubwa ya zile dola milioni 28 ilikuwa fedha za kodi, nazo zilitolewa kwa kuchelewa na kwa uchungu. Lakini mtoto wa miaka saba hawezi kungoja haki ifike akiwa na miaka thelathini. Wazazi wale waliona kwamba wana deni mbili kwa wakati mmoja: kudai haki kwa watawala, na kumfundisha mtoto leo. Hawakuiacha moja kwa ajili ya nyingine. Wewe usomaye katika shule iliyojengwa kwa Harambee utalifahamu jambo hilo bila maelezo marefu.

Wala mkono wa kutoa haukubaki Marekani. Ulivuka bahari ukafika hapa kwetu. Mwaka 1959 Kenya ilikuwa bado koloni, na vijana waliotaka elimu ya chuo kikuu walikuwa wengi kuliko nafasi zilizokuwako. Tom Mboya alisafiri Marekani akapata ahadi za nafasi za masomo katika vyuo vya huko, lakini nauli ya kuwafikisha wanafunzi haikuwako. Iliundwa jumuiya ya kuwasaidia, ya Wamarekani weusi na weupe pamoja. Watu watatu mashuhuri walitia sahihi barua ya kuwaomba wananchi wa Marekani fedha: mwimbaji Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier, na Jackie Robinson, mchezaji aliyevunja ubaguzi katika mchezo wa besiboli mwaka 1947. Watu wa kawaida waliitikia. Mwezi wa Septemba, 1959, ndege ilitua New York ikiwa na wanafunzi 81. Hadi mwaka 1963 wanafunzi karibu 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamekwenda kwa njia hiyo. Mwaka 1960, fedha za mfuko wa jamaa ya Kennedy ziliposaidia nauli, miongoni mwa waliosafiri alikuwamo msichana wa Nyeri, Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Kumbuka pia kwamba huku nyumbani wazazi na majirani waliuza kuku na ng'ombe ili msafiri asiende mikono mitupu. Basi senti ya mkulima wa Kenya na dola ya mchangaji wa Marekani zilikutana katika safari ya kijana mmoja, na hapana awezaye kusema ni ipi iliyokuwa kubwa zaidi.

Nimebakiza mfano mmoja. Katika mji wa Hattiesburg, jimbo la Mississippi, aliishi mwanamke mweusi jina lake Osceola McCarty, aliyezaliwa mwaka 1908. Alipokuwa darasa la sita shangazi yake aliugua, akaacha shule ili amuuguze, na hakurudi tena. Alifua nguo za watu kwa zaidi ya miaka sabini, mpaka maumivu ya viungo yakamzuia alipokuwa na umri wa miaka 86. Hakuwa na mume wala mtoto wala motokaa. Kila alipopata fedha aliweka kidogo benki, na alichoweka hakukigusa. Alipotaka kuandika wasia, mtu wa benki alimwekea mezani sarafu kumi, kila moja ikiwa badala ya sehemu moja ya mali yake, akamwambia azigawe. Sarafu moja aliiweka kwa ajili ya kanisa lake, tatu kwa ajili ya jamaa zake, na sita kwa ajili ya chuo kikuu cha mji ule, University of Southern Mississippi, ili zisaidie wanafunzi wasiojiweza. Sarafu zile sita zilikuwa dola 150,000. Habari ilipotangazwa mwaka 1995 nchi nzima ilishangaa. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba chuo kile hakikumpokea mwanafunzi mweusi hata mmoja mpaka mwaka 1965. Mlango uliofungwa mbele ya watu wake katika ujana wake, yeye aliwalipia wengine waupite. Alifariki mwaka 1999.

Sasa turudi katika mizani yetu. Tumewaona watumwa waliokombolewa wakiuguza mji uliowadharau, madobi wawili wakiwasomesha vijana, wakulima wasio na ardhi wakijenga maelfu ya shule. Wote walitoa kabla ya kutajirika, au walitajirika bila kusahau walikotoka. Tena hawakutoa kama mtu anayemtupia mwenziwe makombo. Waliweka kanuni, waliandika hesabu, waliwashirikisha wenzao, na pale ilipolazimu waliipinga dhuluma iliyoleta uhitaji. Hayo manne ndiyo yanayougeuza wema wa siku moja kuwa uongozi.

Nawe, kijana usomaye haya, huenda unajiambia kwamba utatoa utakapokuwa na kazi na mshahara. Usijidanganye. Asiyeweza kugawa sarafu kumi hataweza kugawa elfu kumi, maana mkono huzoezwa mapema. Darasani mwako yuko asiye na kitabu, na kijijini mwako kiko kisima kinachohitaji mikono ya kukisafisha. Anza na hao, na chochote mtakachochanga kiandikeni.